Mtu ni Mmoja: Somo juu ya Mwili na Nafsi



Kila aliyekaa Tumbe amepata kuyaona haya. Asubuhi watu wako pwani wakingojea vyombo, mara habari yaja kwamba chombo kimoja hakikurudi. Mama mwenye mtoto wake katika chombo hicho alegea magoti, mikono yawa baridi, aketi mchangani. Hakupigwa na mtu wala hakushikwa na ugonjwa. Amesikia neno tu. Baada ya saa moja chombo chaonekana, naye ainuka na nguvu zake zote. Basi tujiulize: neno lisilo na uzito limewezaje kuuangusha mwili?

1. Swali la zamani

Mfaransa René Descartes, aliyefariki mwaka 1650, alifundisha kwamba nafsi na mwili ni vitu viwili mbalimbali: nafsi hufikiri lakini haina urefu wala upana, mwili una urefu na upana lakini haufikiri. Mwaka 1643 binti wa mfalme, Elisabeth wa Bohemia, alimwandikia barua na kumwuliza: kitu kisichoweza kugusa chawezaje kuusukuma mwili? Descartes alijibu mara kadhaa, lakini hakumridhisha. Hata leo wenye elimu hawajapatana juu ya jambo hili.

2. Lugha yetu

Tazama sisi tunavyosema. Aliyeambiwa neno baya amekatwa maini. Mwenye hasira damu yamchemka. Aliyekata tamaa amevunjika moyo. Wazee wetu hawakuitenga huzuni na nyama na damu. Na katika Mwanzo 2:7 twasoma kwamba mtu alifanywa kwa mavumbi, akapuliziwa pumzi, naye akawa nafsi hai. Hatusomi kwamba nafsi ilitiwa ndani yake kama maji mtungini.

3. Wasichana wa Kashasha

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Wakacheka na kulia, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku nyingi. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, lakini walimu hawakupatwa. Tarehe 18 Machi shule ikafungwa, na wasichana waliporudi kwao jambo likaenea, hata kijiji cha Nshamba. Waganga wa hospitali walipima damu na kuchunguza chakula, wasione sumu wala ugonjwa. Hakuna aliyekufa.

Je, walikuwa wakijifanya? Hasha! Hakuna ajifanyaye kwa siku nyingi hata akachoka na kulia. Taabu ilikuwa katika nafsi, nayo miili ikaibeba.

4. Degedege

Sasa tutazame upande wa pili. Pwani yetu yote watoto wadogo walipatwa na degedege: macho yakageuka, viungo vikakakamaa na kutetemeka. Wengi walisema ni shetani, au ndege aliyempitia mtoto, wakakimbilia kwa mganga wa kienyeji. Kumbe mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, na mtoto alihitaji dawa upesi. Siku hizi malaria imepungua sana Unguja na Pemba, lakini funzo limebaki: lililodhaniwa kuwa la roho lilikuwa la mwili, na waliochelewa walizika watoto wao.

5. Kosa langu

Nilipokuwa mwalimu kijana nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne aliyelalamika tumbo kila asubuhi. Zahanati hawakuona kitu. Nikamwita mvivu, nikamchapa mbele ya wenzake. Miezi michache baadaye nikasikia kwamba mama yake alifariki wakati wa likizo. Hakuna aliyeniambia, wala mimi sikuuliza. Tumbo lile lilimwuma kweli. Mpaka leo sijapata nafasi ya kumwomba radhi.

6. Tufanye nini?

Namna nafsi na mwili vinavyoungana hatuijui yote. Lakini twajua ya kutosha kwa kumtunza mgonjwa. Kwanza, tumpeleke hospitali, tusiseme haraka kwamba ni mashetani. Pili, hospitali wasipoona kitu, tusiseme kwamba hana kitu. Tukae naye, tumwulize habari za nyumbani kwake. Tatu, sala na dawa havigombani, kwa maana anayeombewa na anayemeza dawa ni mtu yule yule mmoja. Ndiyo maana katika Imani tunakiri pia kufufuka kwa mwili, si roho peke yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Ni nani katika jirani zetu tuliyesema kwamba anajifanya? Je, tulimwuliza?
2. Mtoto akishikwa na homa usiku, twaanza kwenda wapi?

Mwalimu mstaafu,
Tumbe, Pemba