Ukurasa Mmoja kwa Kipindi: Ninavyoandaa Somo la Fasihi

Fomu ya andalio la somo inataka uanze na umahiri, ushuke kwenye malengo mahsusi, upite kwenye zana na rejea, ndipo ufike kwa mwanafunzi na kitabu chake. Mimi huanza na kitabu. Fomu naigusa mwisho kabisa, na nikishajua darasa litafanya nini, kuijaza ni kazi ndogo.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, shule ya kata, na vitabu vyangu ni vilevile ambavyo walimu wengi wa Tanzania wamevifundisha mpaka majalada yamechanika: Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, Ngoswe, Orodha, Kilio Chetu, pamoja na diwani kama Wasakatonge. Wanafunzi ni wengi kuliko madawati, na nakala za kila kitabu zinagawanywa kwa makundi. Ninayoyaandika hapa yametoka kwenye hali hiyo.

Kinachoua somo la fasihi, kwa maoni yangu, ni kupanga vipindi kwa vichwa vya uchambuzi. Jumatatu dhamira, Jumatano migogoro, Ijumaa ujumbe na falsafa ya mwandishi. Ukipanga hivyo mwanafunzi hana sababu ya kufungua kitabu, anahitaji desa tu. Na madesa hayajawahi kuadimika. Steshenari iliyo jirani na geti la shule inayo ya vitabu vyote, kurasa chache zilizobanwa kwa pini. Mtoto anakariri kwamba dhamira za Ngoswe ni mapenzi, uzembe na nafasi ya mwanamke katika jamii, anayamwaga hayo kwenye mtihani, na ukimuuliza Mazoea ni binti wa nani anatazama dari.

Kwa hiyo napanga kwa ukurasa. Kila kipindi kina ukurasa wake mmoja, mara chache miwili, na swali moja ambalo ukurasa huo unaweza kulijibu. Dhamira, migogoro, tabia za wahusika, matumizi ya lugha, vyote vinakuja baadaye, darasa likiwa limeshaona jambo lenyewe na sasa linatafuta jina la kulipa.

Ukurasa unachaguliwaje? Nasoma sehemu ya wiki nzima kwa mkupuo, kisha natafuta mahali ambapo mtu anaamua jambo, anadanganya, au ananyamaza wakati alitakiwa aseme. Katika Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyotungwa kwenye mazingira ya Wazimbabwe wa zamani, sihitaji kufundisha kila sura darasani. Nahitaji Sekai anapoamua kutoroka na mtoto wake badala ya kumwacha auawe kwa kuwa amezaliwa na ualbino. Nahitaji pia anapopokewa ugenini, na mzee Chivero anapomfundisha Takadini kupiga mbira. Sehemu zilizobaki wanafunzi wanasoma jioni kwa zamu, na aliyesoma anasimulia kwa ufupi kabla hatujaanza. Asiyesoma anagundulika mapema sana.

Swali ndilo linalochukua muda. Lazima liwagawe. Swali ambalo darasa zima litalijibu kwa sauti moja si swali, ni maamkizi. "Je, Sekai alikuwa mama mwenye upendo?" Ndiyooo, na kipindi kimekwisha. Lakini uliza, "Makwati, mume wake, angefanya nini zaidi ya alichofanya?" Hapo wavulana wa nyuma, ambao kwa kawaida wanamsubiri mwenye kengele, wanaanza kunyoosha mikono.

Nitaeleza andalio moja kwa kirefu. Ni la Ngoswe, tamthiliya ya Edwin Semzaba, vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kwenye daftari langu, si kwenye fomu, limeandikwa hivi: "Ukurasa: karatasi za sensa zinachomwa. Swali: nani apelekwe mahakamani? Kalamu: aya moja. Muda ukikatika: ruka makundi, nenda moja kwa moja kwenye aya." Basi. Ukiweza kuandika mistari minne ya namna hii, somo unalo. Ukishindwa, hata fomu ikijaa pande zote mbili, huna.

Utangulizi wake naupenda. Sensa ya mwaka 2022 ilianza tarehe 23 Agosti, makarani wakapita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, na mwisho tukaambiwa Tanzania ina watu 61,741,120. Baada ya kazi hiyo vishikwambi vikagawiwa kwa walimu. Naingia na kimoja darasani, nakiinua juu bila maelezo, nauliza kilikuwa kinafanya kazi gani kabla ya kuja shuleni. Siku zote yupo anayejua. Kisha naweka karatasi tupu kando yake, nauliza: vyote viwili vikitupwa motoni, takwimu zipi zitapona? Wanaanza kubishana kuhusu kuhifadhi data, na dakika tano hazijaisha tayari wanajali karatasi za Ngoswe kuliko ambavyo mhadhara wangu ungewafanya wajali. Sasa ndipo vitabu vinafunguliwa.

Wanaigiza ukurasa. Tamthiliya ni rafiki wa shule isiyo na vitabu, maana wanaohitaji nakala ni waigizaji tu. Wengine wanatazama na kusikiliza kama ilivyokusudiwa. Nawapa watazamaji kazi ili wasigeuke abiria: safu hii ihesabu kila neno la hasira la Mitomingi, baba wa Mazoea, safu ile imwangalie Ngoswe tu, ya tatu imwangalie yeyote asiyesema kitu. Kisha kesi inaanza. Kundi moja linamshtaki Ngoswe, aliyetumwa kuhesabu watu akaangukia kwenye mapenzi. Lingine linamshtaki Mzee Mitomingi, aliyewasha moto. La tatu linamshtaki Mazoea, msichana aliyependwa na Ngoswe, na hapa huwa nasimama karibu, kwa sababu maneno yanayotupwa kwa msichana huyo mara nyingi hayatoki kwenye kitabu, yanatoka mtaani. "Onesha mstari," nasema. Asiyeweza kuonesha mstari anakaa.

Kuna binti mmoja alisimama nje ya makundi yote matatu.

"Mwalimu, mimi nashtaki serikali."

"Kwa kosa gani?"

"Imemtuma kijana mmoja kwenye kijiji ambacho watu hawajaelewa wanahesabiwa kwa nini. Elimu ingetangulia, karatasi zisingechomwa."

"Mstari uko wapi?"

Aliutafuta, akaupata, akausoma. Sikuwa nimeuweka kwenye andalio. Nilifuta nilichokuwa nimeandika ubaoni nikaweka hoja yake, na nilipouliza, "Sasa huu mvutano kati ya serikali na wanakijiji tunauitaje?" darasa likajibu lenyewe: mgogoro. Aliyeligundua jambo kwa kulipigania halisahau jina lake.

Mtihani wa taifa unapenda swali la insha lenye kudai hoja kutoka vitabu viwili, kwa mfano uoneshe kwa tamthiliya mbili ulizosoma jinsi waandishi walivyoijadili jamii yao. Kwa sababu hiyo kila kipindi changu kinafungwa kwa kalamu. Siagizi insha nzima, nataka aya moja yenye hoja, tukio kutoka kitabuni, na sentensi inayoeleza kwa nini tukio hilo linathibitisha hoja. Sehemu ya tatu ndiyo inayowashinda. Wanataja hoja, wanasimulia tukio mpaka mwisho wa karatasi, halafu wanahamia hoja nyingine. Mwanafunzi akiandika aya kama hii mara mbili kwa wiki kuanzia kidato cha tatu, insha ya kidato cha nne itakuwa ni kuziunganisha tu.

"Na kusahihisha je?" mwenzangu mmoja aliniuliza ofisini, akiwa amezungukwa na madaftari pande zote. Sisahihishi yote. Nachukua ya safu moja kila kipindi, kwa mzunguko ambao wanafunzi hawaujui, na nayasoma nikitafuta kosa moja linalojirudia. Hilo moja ndilo utangulizi wa somo linalofuata: naandika ubaoni aya mbovu niliyoitunga mwenyewe, isiyo ya mtu yeyote, na wao wanaitengeneza. Kusahihisha kunakuwa sehemu ya kuandaa, na mzigo unapungua nusu.

Kwa riwaya, uhaba wa nakala unauma zaidi. Jioni nanakili aya mbili kwenye karatasi ya manila kwa kalamu nene, maandishi makubwa ya kusomeka kutoka nyuma. Ni kazi inayochosha mkono, lakini ina faida ambayo sikuitarajia: ukinakili aya kwa mkono wako unaona mambo yaliyokupita uliposoma, marudio ya neno, sentensi iliyokatwa ghafla, na maswali ya matumizi ya lugha yanajiandika yenyewe. Manila hizo nazikunja na kuziweka juu ya kabati. Mwaka unaofuata ziko tayari, kama panya hawajapita.

Muda nao una tabia zake. Kipindi cha kwanza huliwa na mstarini. Kipindi cha baada ya chakula cha mchana hakifai kwa kusoma kimya. Hapo weka maigizo au mjadala. Dabo ya dakika 80 naipanga kama dakika 60, kwa sababu kutakuwa na tangazo, au mwalimu wa taaluma atahitaji wadaiwa wa michango, au madawati yatakuwa yamehamishiwa chumba kingine. Ule mstari wa "muda ukikatika" kwenye daftari uandike mapema, ukiwa umetulia. Ukisubiri kuamua darasani, utakata kalamu, kwa kuwa ndiyo inayokuja mwisho, na hiyo ndiyo isiyopaswa kukatwa.

Ushairi naupanga tofauti. Shairi linasikilizwa mara mbili kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kulizungumzia, mara ya kwanza kwa sauti yangu, mara ya pili kwa sauti ya mwanafunzi. Kwenye kila darasa yupo anayeghani vizuri, mara nyingi amejifunza kwenye kaswida au kwaya, na ukimpa shairi la kimapokeo usiku mmoja alifanyie mazoezi, kesho yake vina na mizani vinafundishika kwa sikio kabla ya kuhesabiwa kwa vidole. Shairi huru nalifundisha kwa ubishi: hili nalo ni shairi? Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 watu wazima wamegombana juu ya jambo hilo, kwa nini kidato cha tatu wanyimwe nafasi yao.

Kuna vitabu vinavyohitaji maandalizi ambayo fomu haina kisanduku chake. Ukifundisha Takadini kwenye darasa lenye mwanafunzi mwenye ualbino, zungumza naye kwanza, faraghani, siku kadhaa kabla. Nchi hii imeshuhudia watu wakiuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Mwambie kitabu kinahusu nini, muulize angependa somo liende vipi, na usimgeuze kuwa zana ya kufundishia. Kilio Chetu nacho, kinachohusu UKIMWI na wazazi wanaoona haya kusema na watoto wao, huleta vicheko. Hapo nagawa vipande vya karatasi, kila mtu aandike swali bila jina, na maswali hayo ndiyo yanayoendesha kipindi.

Madesa siyapigi marufuku. Kuyakataza ni kuyatangaza. Nayaingiza kwenye andalio: "Desa linasema mhusika huyu ni mwoga. Tafuta ukurasa unaolikubali au unaolikataa." Mengi yamenakiliwa kutoka mengine, makosa yakarithiwa pamoja na nukta zake, na hakuna kinachomfurahisha kijana wa miaka 17 kama kumkamata mtu mzima amekosea kwa maandishi. Wakishalikamata moja, wanaanza kuyakagua mengine bila kutumwa.

Fomu sasa. Malengo mahsusi yanatoka kwenye swali na kalamu: "mwanafunzi aweze kutetea hoja moja kwa kutumia tukio kutoka onesho hili." Hilo linapimika, na mthibiti ubora akikaa nyuma ya darasa ataliona likitokea. Shughuli za mwalimu na za mwanafunzi ni yale uliyokwisha kuyaamua. Safu ya tathmini usiandike "somo limeeleweka". Andika kilichokwama na jina la ukurasa, kwa mfano, "hawajatofautisha ujumbe na dhamira, rudia kwa tukio la moto." Ni maneno machache, na ndiyo ninayoyasoma kwanza ninapokaa kuandaa kipindi kinachofuata.

Kwa mwalimu mpya anayeuliza aanze muhula na kitabu gani, ikiwa shule ina nakala moja tu, aanze na Orodha ya Steve Reynolds. Inafunguka kwa mazishi ya msichana, kisha inarudi nyuma, na wanaume kijijini wanahangaika na orodha aliyoiacha wakihofia majina yao yamo. Soma onesho la kwanza kwa sauti, funga kitabu, waulize wanadhani orodha hiyo ina nini. Andika makisio yao yote ubaoni, monita ayanakili, na uyatunze hadi kipindi cha mwisho wa kitabu, watakapoisikia ikisomwa.