Vionyeshi Baada ya Vihusishi katika Sentensi za Kiingereza: Mtazamo kutoka Chapwa, Tunduma

1.0 Utangulizi

Katika shule zetu kionyeshi cha Kiingereza aghalabu hufundishwa kwa jedwali la maneno manne: this, that, these na those. Jedwali likishakaririwa, somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Makala haya yanashughulikia eneo ambalo jedwali hilo haliligusi, yaani tabia ya kionyeshi kinapotanguliwa na kihusishi. Mifano tumeitunga wenyewe kwa kuzingatia mazingira ya Chapwa, katika mji wa Tunduma, Mkoa wa Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Tunduma inatazamana na Nakonde ya Zambia. Mwanafunzi wa huko huishi kati ya Kinyamwanga (M.22 katika uainishaji wa Guthrie), Kinyiha (M.23), Kibemba (M.42) na Kiswahili, na Kiingereza hakikuti darasani tu, bali hukikuta pia katika hati za forodha zinazopita mikononi mwa jamaa zake.

Tofauti ya msingi kati ya lugha hizi mbili inafahamika. Ashton (1944) alivieleza vionyeshi vya Kiswahili kwa viungo vitatu: h- ya ukaribu, -le ya umbali, na -o ya urejeleo. Kiingereza kina hatua mbili tu, na maelezo ya jambo hilo yamejaa katika vitabu vya sarufi. Ambalo halijasisitizwa vya kutosha ni kwamba umbo la -o ndilo linalopenda zaidi kukaa baada ya kihusishi: kwa hiyo, baada ya hayo, kutokana na hilo, licha ya hayo. Kiingereza hakina umbo linalolingana nalo moja kwa moja, na hapo ndipo taabu ya mwanafunzi inapoanzia.

2.0 Umoja na Wingi

Tuchunguze sentensi zifuatazo:

(1) a. Lori lilikaguliwa, dereva akalipa ushuru. Baada ya hayo aliruhusiwa kuvuka.
b. *The lorry was inspected and the driver paid the duty. After those he was allowed to cross.
c. The lorry was inspected and the driver paid the duty. After that he was allowed to cross.

Katika (1a) hayo ni kionyeshi cha ngeli ya 6, na nomino inayokitawala, mambo, haikutajwa. Mwanafunzi aliyeandika (1b) hakukosea kwa uzembe. Ameuona wingi katika lugha yake, akautafutia wingi katika Kiingereza. Lakini Kiingereza hulichukua tukio zima, hata likiwa na hatua kumi, kuwa kitu kimoja. Halliday na Hasan (1976) wameonyesha kwamba urejelezi wa namna hii, ambao hushika kipande kizima cha matini badala ya nomino moja, ni kazi ya maumbo ya umoja peke yake, this na that, yanaposimama bila nomino. Those katika (1b) humlazimisha msomaji kutafuta vitu vya wingi vilivyotajwa nyuma, naye havioni.

Wapo wanaotaka kuikwepa shida hii kwa kutumia it. Dawa hiyo haifai, kwa sababu After it katika nafasi hiyo humrudisha msomaji kwenye nomino iliyo karibu, yaani ushuru au lori, na matukio yenyewe yanapotea.

3.0 Kionyeshi cha Mtu

(2) a. Nilivuka mpaka na huyu.
b. *I crossed the border with this.
c. I crossed the border with this man.

Kiswahili kinaruhusu (2a) kwa sababu huyu hubeba ngeli ya 1, na ngeli hiyo inatosha kumtambulisha mtu. This haibebi chochote zaidi ya ukaribu na umoja. Ikisimama peke yake baada ya kihusishi, hufahamika kuwa ni kitu. Quirk na wenzake (1985) wanaeleza kuwa matumizi ya this kwa mtu bila nomino huruhusiwa hasa pale inapokuwa kiima cha sentensi ya utambulisho, kama vile This is my uncle. Those ina nafasi pana zaidi ikifuatwa na kishazi cha urejeshi: for those who wait at the gate ni sahihi kabisa. Baadhi ya walimu huwashauri wanafunzi waseme with this one. Kisarufi haina kosa, lakini ikimhusu mtu inaweza kusikika kama dharau. Hata kwa Kiswahili, anayesema na huyu hali mzee anamsikia ataonekana hana adabu. Angetarajiwa kusema na mzee huyu. Hilo, hata hivyo, ni suala la heshima na si la sarufi.

Kirai chenye kimilikishi nacho kina mtego wake. Kwa huyu rafiki yangu huzaa *to this my friend, mpangilio ambao Kiingereza cha zamani kiliukubali lakini cha sasa kinataka to this friend of mine.

4.0 Mahali na Wakati

Maneno here na there yanaweza kutanguliwa na from, up to, in na over. At hukataliwa, kwani maana yake imo tayari ndani ya maneno hayo. Kwa hiyo kwa hapa Tunduma haiwezi kuwa *at here in Tunduma, bali ni here in Tunduma.

Kiswahili hutumia pia kionyeshi cha mahali kueleza wakati: baada ya hapo, tangu hapo, hadi hapo. Tafsiri ya neno kwa neno hutoa *after there, ambayo ni kosa dhahiri. From there kwa maana ya "kisha" ni jambo jingine, kwa kuwa husikika sana katika Kiingereza cha Afrika Mashariki. Hatuoni sababu ya kuikemea katika mazungumzo, ingawa katika insha ya mtihani after that ni salama zaidi.

Kwa upande wa wakati, kihusishi mara nyingi huanguka kionyeshi kinapoingia. Husemwa in the morning, lakini this morning. On Monday, lakini this Monday. Mwanafunzi anayefikiri katika wiki hii huandika *in this week. Hata hivyo at that time na at this moment hubaki na kihusishi, na on that day huweza kubaki nacho au kukiacha. Kanuni moja inayoyashika yote haipo; mwalimu hana budi kuyafundisha mafungu haya kwa majina yake.

5.0 Thereof na Jamaa Zake

Sehemu hii ndiyo yenye uzito zaidi kwa sasa. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na hivyo sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza zinahitaji kufasiriwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika mpakani Tunduma, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Katika Kiingereza cha sheria, kihusishi na kionyeshi huungana kwa mpangilio uliogeuzwa: thereof, therein, thereto, thereunder, hereby. Haya si madoido ya mawakili. Ni mabaki ya mfumo wa lugha za Kijerumaniki, ambamo kiwakilishi cha kitu kisicho hai huchukuliwa na kionyeshi cha mahali na kihusishi hukifuata. Kijerumani kingali na davon na damit, na Kiholanzi kina daarvan. Hata therefore ni ya ukoo huo, nasi tunaifasiri, kwa haki kabisa, kwa hiyo.

Tuangalie kirai hiki, ambacho tumekitunga kwa mfano wa lugha ya sheria:

(3) the lorry, the goods therein and the documents relating thereto

Therein haina utata: bidhaa zilizomo. Thereto ndiyo yenye mashaka. Je, hati ni za lori au ni za bidhaa? There haina ngeli wala idadi, hivyo Kiingereza kinaliacha swali wazi. Kiswahili kinamdai mfasiri jibu mara tu anapotumia kitenzi chenye kiambishi cha yambwa:

(4) a. ... na hati zinazolihusu
b. ... na hati zinazozihusu

Katika (4a) dereva anadaiwa kadi ya gari. Katika (4b) anadaiwa ankara na cheti cha asili ya bidhaa. Mtu anaweza kukwama siku nzima Tunduma kwa sababu ya silabi hiyo moja. Mfasiri anaweza pia kuandika hati zake, kwani -ake haionyeshi ngeli ya mmiliki, na utata wa Kiingereza ukabaki kama ulivyo. Wapo watakaoiita njia hii uaminifu kwa matini chanzi. Kwa maoni yetu, uaminifu wa namna hiyo unamwachia karani wa getini kazi iliyopaswa kufanywa na mtunga sheria. Mfasiri amwulize mtunzi, kisha aandike (4a), (4b) au zote mbili.

Ngeli nayo ina mipaka yake. Chukua kirai any permit issued under section 12 and the conditions thereof. Kibali na kifungu vyote ni vya ngeli ya 7. Masharti ya hicho au masharti yake hayamwelezi msomaji ni kipi kati ya hivyo viwili. Hapa nomino haina budi kurudiwa pamoja na kionyeshi chake: masharti ya kibali hicho.