Vyura wa Miti: Jinsi ya Kuwapanga na Kuwatambua



Mvua zinapoanza katika West Nile, mabonde yaliyo kati ya Arua na Koboko hujaa sauti kila usiku. Watu husema, "Vyura wanalia," kisha hulala. Maneno hayo si uongo, lakini ni kama mgeni afikaye soko la Arua akasikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili, kisha akawaandikia wa kwao, "Huku watu wanasema." Katika somo hili nataka kueleza jinsi wataalamu wanavyowapanga wale vyura waitwao vyura wa miti, sababu ya mpango huo kubadilishwa mara kwa mara, na faida tunayoipata sisi tukaao karibu na mabonde hayo.

1. Chura wa miti ni nani?

Ulimwenguni kuna zaidi ya aina 7,000 za vyura. Baadhi yao hukaa majini siku zote, wengine huchimba ardhini, na wengine hupanda matete, vichaka na miti. Hawa wapandao huwa na ncha za vidole zilizotanuka kama visahani vidogo. Mtu akikitazama kisahani hicho kwa darubini ataona chembe nyingi zenye pembe sita, na kati ya chembe na chembe pana vijia vyembamba vyenye ute. Ute huo hufanya kazi ileile ifanywayo na maji karatasi iliyolowa inaponata juu ya kioo. Tena, kati ya mfupa wa mwisho wa kidole na ule wa pili yake pana kipande kidogo cha nyongeza, kwa kawaida cha gegedu, kinachosaidia kisahani kulala sawasawa juu ya jani hata mwili ukiwa umeinama upande.

Hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kupotea. Anaona visahani, anasema, "Huyu ni chura wa miti, basi wote wenye visahani ni ndugu." Sivyo. Popo huruka na mbayuwayu huruka, lakini popo hunyonyesha watoto wake na mbayuwayu hutaga mayai. Kazi moja huweza kuleta umbo moja katika koo zisizo na undugu wa karibu.

2. Koo za vyura wa miti

Ili nisiwachoshe kwa maneno magumu, nitatumia maneno tuliyoyazoea nyumbani. Ukoo una milango, na mlango una aina. Kila aina hupewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la mlango wake, la pili ni lake lenyewe.

Mwaka 1758 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimpa chura wa miti wa Ulaya jina la Rana arborea. Wakati huo karibu kila chura aliitwa Rana. Mwaka 1768 Laurenti alitenga mlango wa Hyla, na kutokana nao likapatikana jina la ukoo wa Hylidae. Ukoo huu una mamia ya aina, hasa katika Amerika. Wachache wapo Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini. Lakini kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Kwa hiyo mwanafunzi wa Arua asomapo katika kitabu cha Uingereza kwamba chura wa miti ni Hyla, ajue kwamba kitabu hicho hakisemi habari za bonde la kwao.

Ukoo wa pili ni Rhacophoridae. Wengi wao ni wa Asia, ila mlango mmoja, Chiromantis, uko Afrika nao una aina nne. Zamani wataalamu waliwaweka karibu vyura wote wa miti wa Afrika pamoja na hao wa Asia. Mwaka 1943 Mbelgiji Raymond Laurent, aliyechunguza sana vyura wa Kongo, aliupa ukoo wa tatu jina la Hyperoliidae. Huu ndio ukoo wetu hasa. Una zaidi ya aina 200, na zote ni za Afrika, Madagaska na visiwa vya Shelisheli.

Mwaka 2006 wataalamu walioongozwa na Darrel Frost wa jumba la makumbusho la New York walilinganisha asili ya urithi, yaani DNA, ya mamia ya aina za vyura. Mlango wa Leptopelis, uliokuwa katika Hyperoliidae, ukahamishiwa ukoo mwingine, Arthroleptidae, ambao wengi wao ni vyura wadogo wa chini ya majani makavu ya msituni. Si kwamba chura alibadilika. Yeye alibaki palepale juu ya kichaka chake; kilichobadilika ni ushahidi mikononi mwa watu. Basi mwanafunzi akikuta kitabu cha zamani kinapingana na kipya, asidhani kwamba elimu ni ubabaishaji. Atazame mwaka wa kitabu, kisha aulize ni ushahidi gani mpya ulioletwa.

3. Milango mitano ya kujifunza

Hyperolius ni vyura wa matete. Ni wadogo, wengi hawafiki sentimeta 4, ngozi laini, na rangi zao hupendeza sana. Mlango huu una zaidi ya aina 140. Dume huwa na mfuko chini ya kidevu unaovimba kama puto anapoita. Aina ijulikanayo sana Uganda ni Hyperolius viridiflavus, ambaye sauti yake ni kama mlio mfupi wa kioo kilichogongwa. Wakiita mia moja pamoja, mtu hawezi kusikia mazungumzo ya mwenzake.

Afrixalus ni wadogo pia, na wengi wana mistari ya rangi ya fedha au dhahabu. Aina nyingi hutaga mayai juu ya jani, kisha hulikunja jani hilo na kuligandisha kingo zake, mayai yakabaki ndani kama chakula kilichofungwa katika jani la mgomba. Sauti yao ni ya kukwaruza, na mtu huweza kudhani ni mdudu.

Kassina senegalensis alipewa jina mwaka 1841 na Wafaransa Duméril na Bibron kwa chura aliyetoka Senegal, lakini aina hiyo huonekana katika nyika kutoka Senegal mpaka Kenya na Afrika Kusini. Jina la chura ni kumbukumbu ya mahali alipopatikana kwanza, wala si mipaka ya nchi yake. Kassina ana mistari myeusi mgongoni, naye hutembea na kukimbia kuliko kuruka. Sauti yake ni kama tone kubwa la maji likianguka mtungini. Tazameni: huyu ni wa ukoo wa Hyperoliidae, lakini hukaa chini na visahani vyake si kitu. Undugu hauangaliwi kwa makao, kama vile Mlugbara akaaye Kampala hakuacha kuwa wa ukoo wake.

Leptopelis ana kichwa kipana na macho makubwa. Hutaga mayai yake katika udongo wenye unyevu karibu na maji. Mvua zinapozidi, viluwiluwi huenda zao majini. Wengine katika mlango huu hawapandi miti hata kidogo, bali huchimba ardhini.

Chiromantis hutengeneza povu kwa miguu ya nyuma, nalo hushikamana na tawi lililo juu ya maji. Mayai hukaa humo. Nje ya povu hukauka, ndani hubaki na unyevu, na viluwiluwi wakiwa tayari hudondoka majini. Aina ya Chiromantis rufescens hukaa katika misitu kutoka Afrika ya Magharibi mpaka Uganda, kwa hiyo tusimtafute katika majani ya nyika.

4. Tatizo la rangi

Hyperolius viridiflavus amewasumbua wataalamu kwa miaka mingi. Chura mchanga, na madume wengi, huwa na rangi ya udongo isiyovutia. Majike wakomaapo, na baadhi ya madume, huvaa rangi kali za mistari au madoa. Tena rangi hizo hutofautiana toka nchi hata nchi. Kwa sababu hiyo majina mengi yalitolewa. Arne Schiøtz wa Denmark, aliyeandika kitabu juu ya vyura wa miti wa Afrika ya Mashariki mwaka 1975 na kingine juu ya wale wa Afrika nzima mwaka 1999, aliwaona hawa kama kundi moja kubwa la ndugu wa karibu sana. Wengine hulikata kundi hilo katika aina kadhaa, na ubishi huo haujakwisha.

Mafundisho yake ni haya: rangi peke yake si shahidi wa kutosha. Hakimu mwema hasikilizi shahidi mmoja akakata hukumu. Mwanafunzi aangalie pia mboni ya jicho, vidole, sauti, na mahali mayai yalipotagwa.

5. Ufunguo mdogo wa kumtambua

Mtwaeni chura kwa mkono uliolowa maji, msimkaze, kisha mrudisheni alipokuwa na kunawa mikono. Usiku mboni hutanuka, basi mulikeni kwa tochi mngoje kidogo mpaka ijikunje.

Kwanza: Je, mboni imelala au imesimama? Ikiwa imelala, nenda swali la pili. Ikiwa imesimama, nenda swali la tatu.

Pili: Tazama mkono. Ikiwa vidole viwili vya ndani huelekeana na viwili vya nje, kama mkono ushikao fimbo, ni Chiromantis. Ikiwa sivyo, na chura ni mdogo, laini, mwenye visahani, yaelekea ni Hyperolius.

Tatu: Ikiwa hutembea na kukimbia, ana mistari myeusi, na ncha za vidole hazikutanuka, ni Kassina. Ikiwa ni mdogo mwembamba mwenye visahani, na mara nyingi ngozi ina vichomo vidogo sana, ni Afrixalus. Ikiwa ni mnene, kichwa kipana, macho makubwa, ni Leptopelis.

Ufunguo huu ni kwa vyura wa miti tu. Msimpime kwao chura wa nyasi arukaye mbali, wala chura mkubwa mwenye ngozi ya chunusi akaaye chini ya taa za nyumba.

6. Faida yake ni nini?

Kati ya mwaka 1949 na 1952 msafara wa de Saeger ulikusanya viumbe katika mbuga ya Garamba, kaskazini-mashariki ya Kongo. Mwaka 1968 Mmarekani Robert Inger alichapisha kitabu kizima juu ya vyura waliopatikana huko. Mpaka wa Kongo si mbali na Koboko, nyika ni za namna moja, na vyura hawaombi ruhusa ya kuvuka. Kitabu hicho ni mwongozo mzuri kwetu, ila hakiwezi kutuambia ni nani anaita leo katika bonde la Enyau au kando ya mto Kaya. Kazi hiyo ni ya mtu akaaye hapa.

Nayo ni kazi ya haraka. Vinamasi vinakaushwa kwa ajili ya matofali, mashamba na mikaratusi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 237, yasema kwamba serikali inashika maziwa, mito na vinamasi kwa amana ya wananchi. Lakini amana isiyohesabiwa haina mlinzi. Mtu akikuachia ng'ombe kumi nawe hukuwahesabu, siku watatu wakipotea utasemaje? Ndivyo ilivyo kwa vyura. Tukihesabu aina moja kuwa tano kwa sababu ya rangi, tutajidanganya kwamba tu matajiri. Tukihesabu aina tano kuwa moja kwa sababu zote ni "vyura", nne zitatoweka wala hakuna atakayeuliza. Chura naye hupokea maji kwa ngozi yake yote, na pamoja na maji hupokea sumu iliyomo. Kwa hiyo bonde linapoanza kunyamaza, yafaa watu wachunguze maji kabla ya kuyateka.

Natoa shauri moja. Darasa letu la elimu ya viumbe liwe na daftari la bonde moja tu. Mara moja kwa mwezi, saa mbili usiku, watu wawili wasikilize kwa nusu saa na kuandika tarehe, mvua, sauti zilizosikika, na kwa kila sauti, mlango walioutambua kwa ufunguo. Wakishindwa kutambua, waandike sauti ilivyo wala wasibahatishe jina. Nanyi mliokwisha kumaliza, mlio walimu na wakulima huko Koboko, Maracha na Yumbe, mnaweza kufanya vivyo hivyo na kutuletea. Mwaka mmoja wa daftari utakuwa kitu kidogo. Lakini miaka kumi itakuwa ushahidi, na atakayetaka kukausha bonde itambidi kwanza ajibu majina yaliyoandikwa humo.