SOMO: KUHAMISHIA NAKALA ZA AKIBA KATIKA DISKI MPYA

Ndugu Katibu na Mtunza Hazina,

Chama cha Terrat kinapotunza leja ya hisa, akiba na mikopo katika kompyuta, nakala ya akiba ndiyo kinga ya haki ya mwanachama. Diski ya nje inapochakaa, fuateni utaratibu huu:

1. Nakilini, msihamishe. Diski ya zamani isifutwe kabla kazi haijathibitishwa.

2. Diski mpya yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja la GB 4 au zaidi. Kwa kompyuta za Windows, ipangeni kwa NTFS ingali tupu, kwani kupanga upya hufuta vyote.

3. Linganisheni idadi na ukubwa wa mafaili. Kuona jina la faili si uthibitisho kwamba linafunguka. Basi irejesheni nakala katika kompyuta nyingine, mlinganishe salio la wanachama watatu na vitabu vyao hadi tarehe ya nakala hiyo.

4. Diski moja itunzwe nje ya ofisi, nayo ifungwe kwa nywila. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka hifadhi salama.

Maswali ya kujadili:
(a) Nakala ya chama chenu ilijaribiwa lini?
(b) Nani, zaidi ya karani, aijuaye nywila?