Kutia Kufuli Faili Katika Seva ya Mtandao

Faili la alama za Kidato cha Tatu limehifadhiwa kwenye seva ya shule. Mwalimu wa Hisabati analifungua saa 4:00, wa Baiolojia saa 4:05. Wa Hisabati anajaza alama na kuhifadhi. Kisha wa Baiolojia anahifadhi nakala yake, ambayo haina alama za Hisabati. Kazi ya mwenzake imefutika, na kompyuta haijatoa onyo lolote.

Dawa yake ni kufuli. Makufuli ni ya aina mbili: la kusoma, ambalo programu nyingi zaweza kulishika kwa pamoja, na la kuandika, ambalo hushikwa na programu moja tu. Angalia mtego wa mtihani: kufuli la kuandika huombwa kabla ya kusoma faili unalotaka kulibadili. Ukiliomba wakati wa kuhifadhi umeshachelewa, kwa kuwa unashika nakala ya zamani. (Usichanganye pia "kufunga" faili baada ya kazi na kulitia kufuli.)

Ndani ya kompyuta moja kazi ni rahisi. Mfumo endeshi huweka jedwali la makufuli, na programu ikifa, mfumo huona na kuyafungua. Kwenye mtandao seva haioni hivyo. Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mwalimu, yaani mteja, seva husikia kimya tu. Je, mteja amekufa au mtandao ni wa polepole? Seva haiwezi kujua, na hapa ndipo ugumu wote ulipo.

Mfano mzuri ni NFS, iliyobuniwa na Sun Microsystems ya Marekani miaka ya 1980. Seva zake za mwanzo zilikusudiwa zisikumbuke wateja: kila ombi lilijitosheleza, hivyo seva ikizimika na kuwaka kazi iliendelea. Lakini kufuli ni kumbukumbu. Lazima mtu akumbuke nani analo. Ikabidi itengenezwe huduma ya pembeni ya kutunza makufuli, na nyingine ya kuwaarifu wateja seva inapowaka upya ili wadai tena makufuli yao. Mteja aliyekufa bila kurudi aliweza kuacha faili limefungwa mpaka msimamizi aingilie kati.

Toleo la 4, lililotolewa mwaka 2000, liliingiza makufuli ndani ya NFS yenyewe na kuyafanya ya kukodisha. Mteja hupewa muda, kwa kawaida sekunde 90 kwenye seva za Linux, na lazima auhuishe kabla haujaisha. Akinyamaza, seva ina haki ya kumpa mwingine kufuli lile.

Swali: Seva imezimika ghafla na kuwaka tena. Jedwali lake la makufuli ni tupu, lakini inakataa ombi jipya la mwalimu wa Baiolojia. Eleza sababu. (Alama 4)

Jibu: Jedwali lilikuwa kwenye RAM, likafutika, utupu wake si ushahidi kwamba faili halina mshikaji. Kwa hiyo seva hutoa kwanza muda wa kudai, ambapo hupokea madai ya makufuli ya zamani tu. Ingempa mwalimu wa Baiolojia mara moja, naye wa Hisabati bado anaamini kufuli ni lake, wote wawili wangeandika.