Mvua ya Mawe, Simu na Uvumi: Mwalimu wa Rangwe Anajibu

Barua zimerundikana tangu mvua za Machi zianze. Zinazouliza radi ni nini sitazijibu. Vitabu vya shule vipo. Nimechagua zilizonitia wasiwasi na zilizonikera.

Nikitoa simu kupiga picha ya dhoruba, si nitavuta radi?

Limeulizwa na wengi, kuanzia Asumbi hadi Rongo, nami nawajibu kwa pamoja. Simu ya mkononi haivuti radi. Radi hupendelea kilicho kirefu, kilichochongoka na kilichosimama peke yake: mnara, mkaratusi, mtu aliye katikati ya shamba la njugu. Mawimbi ya simu hayaifungulii radi njia, na chuma kilichomo ndani yake ni kidogo mno. Uvumi huu una chanzo chake. Zamani simu za nyumbani ziliunganishwa kwa nyaya zilizopita juu ya nguzo, kilomita nyingi, na radi ikipiga waya ilimfikia aliyeshika mkono wa simu. Hata leo, simu iliyo kwenye chaja ukutani ina hatari hiyohiyo. Ichomoe. Mwenye kosa ni waya.

Kinachonikera ni madhara ya uvumi wenyewe. Mtu anazima simu, anaitia mfukoni, anajiona salama, kisha anajibanza chini ya mwembe. Mti ukipigwa, umeme husambaa ardhini kuuzunguka, ukapanda mguu mmoja na kushukia mwingine. Ndiyo maana ng'ombe hufa kundi zima chini ya mti mmoja: miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana. Sijaona ng'ombe mwenye simu.

Pigia picha ndani ya nyumba kubwa ya kudumu, au ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo vimefungwa. Baraza si ndani. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, uwe umeshaingia, na usitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Nguo nyekundu je? Na vioo, tuvifunike?

Vaa utakacho. Kioo kiache ukutani.

Naweza kulifuata wingu kwa bodaboda?

Hapana.

Umeona ile video ya mawe makubwa kama mayai yakivunja magari hapa Rangwe?

Nimeletewa na watu wa Kochia, wa Ndhiwa, na hata ndugu aliye Doha. Magari yanapita upande wa kulia wa barabara! Tazama hilo, tazama mapaa na miti, ndipo usambaze.

Uvumi mwingine huanza na picha ya kweli. Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mteremko mzima ulifunikwa weupe na watu wakashangilia theluji. Ilikuwa mvua ya mawe, punje ndogo zilizorundikana zikashikana.

Kuna mzee anayezuia mawe yasiangukie mahindi. Nimlipe?

Usimlipe. Mawe huanguka kwenye ukanda mwembamba. Shamba la jirani husagika na lako likapona, bila mtu kufanya lolote. Mzee huyo anakula kwa ukanda huo. Ukipigwa, atasema ulivunja mwiko. Miaka ya 1960 na 1970, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, ndege zilinyunyizia mawingu iodidi ya fedha ili kupunguza mawe, na wataalamu wakabaki wakibishana kama yalipungua kweli. Yeye ana usinga.

Kwa nini Kericho inapata mawe kuliko sisi?

Urefu kwanza. Huku kwenye ikweta, hewa hufika nyuzi sifuri kwenye mita 4,500 hadi 5,000 hivi. Kericho iko karibu mita 2,000, na ziwa letu liko mita 1,134. Jiwe linaloelekea kwetu lina safari ndefu zaidi kwenye joto, na lililo dogo hufika likiwa tone. Halafu kuna jambo linalonifurahisha: mwaka 1982 Schnell na Tan-Schnell walichapisha utafiti kwamba mabaki ya majani ya chai ya Kenya yana chembe zinazosaidia maji kuganda. Waliona huenda vumbi lake linachangia mawe ya huko.

Nimepiga picha, mawe hayaonekani. Kamera ni mbovu?

Umeielekeza kwenye anga jeupe. Tafuta mandharinyuma meusi: mlango wa stoo ulio wazi, kichaka, ukuta uliolowa. Sekunde 1/1000 itayasimamisha mawe hewani; 1/60 itayachora kama mistari. Funga fokasi, la sivyo simu itashika matone ya kioo cha dirisha. Radi ipigie video, kisha toa fremu moja. Ukikuta nusu ya fremu inang'aa na nusu ni giza, usiilaumu simu. Husoma picha mstari kwa mstari, na mmweko ulizima kabla haijamaliza.

Alasiri, tazama upande wa Kisii, kwa sababu dhoruba nyingi hutoka vilimani zikielekea ziwani. Usiku ziwa hujitengenezea zake.

Nimpelekee nani picha?

Ofisi ya hali ya hewa ya kaunti, Homa Bay. Andika mahali, saa mawe yalipoanza na yalipokoma, na ukubwa. "Makubwa sana" si ukubwa. Weka rula, au sarafu ukiitaja ni ya shilingi ngapi. Chini ya milimita 5, hiyo haihesabiki kuwa mvua ya mawe.

Yakiyeyuka kabla sijatoka?

Dhoruba ikipita, okota makubwa, weka kwenye bakuli ndani ya friza. Baadaye likate moja katikati kwa kisu kilichopashwa moto. Utaona pete: nyeupe pale maji yalipoganda upesi na kunasa viputo vya hewa, angavu pale yalipopata muda wa kutandaa kwanza. Ipige hiyo kwa karibu, rula pembeni, kabla watoto hawajalila.