Isale: Kulipanda na Kulitunza

Mti tunaotaka kuueleza safari hii si mgeni Uchaggani. Mtu apitaye katika vihamba vya Kilimanjaro huuona kila mahali: mashina membamba yamesimama safu moja kando ya migomba, na majani marefu ya kijani yameinama pande zote. Wachagga huuita isale, na ikiwa ni mingi, masale. Wataalamu wa mimea huuita Dracaena fragrans, na neno la pili maana yake ni wenye kunukia, kwa sababu ya maua yake meupe yatoayo harufu kali usiku. Majani yake hudumu mabichi masika na kiangazi. Huko Ulaya watu huuweka chunguni ndani ya nyumba kuwa pambo.

Huku mlimani isale ni zaidi ya pambo. Lapandwa mpakani, nalo ni shahidi kati ya jirani na jirani. Tena mtu aliyemkosea mwenzake humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na mwenye kupelekewa huona vigumu sana kukataa. Basi kung'oa isale la mpaka si kosa dogo.

Kulipanda ni kazi nyepesi. Chagua shina lililokomaa, ulikate kwa kisu kikali vipande vya urefu wa shibiri moja au mbili. Uviache kivulini siku moja ili jeraha likauke, maana kipande kibichi kikitiwa katika udongo wenye maji huoza. Kisha fukia theluthi moja ya kipande, na upande uliokuwa chini mtini uwe chini vile vile. Sisi tuliwahi kupanda safu nzima kwa haraka bila kuangalia jambo hili, na vipande vilivyopinduliwa havikuota hata kimoja. Tangu hapo twatia alama ya kisu upande wa juu.

Wakati ufaao ni mwanzo wa masika. Kwa ua, acha nafasi ya futi 1 kati ya shina na shina. Baada ya majuma kadhaa macho yatachipuka. Isale lapenda kivuli chepesi, kama kile cha migomba; jua kali la mchana huunguza majani. Lapenda unyevu, lakini maji yakituama miguuni, mizizi huoza na majani hugeuka manjano. Samadi kidogo iliyooza yatosha. Likirefuka mno, kata kichwa: chini ya jeraha yatatoka machipukizi mawili au matatu, na kile kichwa ulichokikata chaweza kupandwa pia. Wenye mbwa au paka nyumbani waangalie wasitafune majani, maana huwadhuru.

Sasa twafika penye hatari. Kwa kuwa kipande huota kwa urahisi namna hii, mwenye tamaa aweza kukichomeka hatua moja ndani ya kihamba cha jirani, na wazee wakiisha kufa, nani atabisha? Watoto wataonyeshwa mti mbichi uliosimama, nao wataamini. Kwa hiyo isale la mpaka likifa, usipande jingine peke yako, hata kama nia yako ni safi. Mwite jirani, mwite na mzee mmoja aujuaye mpaka, waje na vijana wa nyumba zote mbili waone. Kipande kikatwe katika safu ile ile, kikapandwe kando ya kisiki, juu ya mstari wenyewe, wala si huku wala si kule. Nacho kisiki kisiondolewe kabla jipya halijatoa majani. Mara nyingi shina tulidhanialo limekufa huchipuka lenyewe mvua zikianza.